Takwa si Gofu

Vitabu vya utalii na vibao vya njiani vimekubaliana kuita Takwa, pale kisiwani Manda, "magofu". Wasomaji nao wamezoea. Mimi neno hilo linanikera.

Gofu ni kilichobaki mifupa. Ndiyo maana aliyekondeshwa na maradhi huitwa gofu la mtu. Kuta za Takwa zimebaki mifupa kweli: dari zimeshuka, boriti zimeoza, chokaa imebanduka mpaka matumbawe yanaonekana. Lakini gofu hutazama mawe tu, wenyewe haliwaulizi.

Tunalo ganjo. Hilo angalau linakiri kwamba watu walikaa hapo, ingawa jinsi walivyoondoka halisemi. Kwa sikio langu lina harufu ya moshi. Ningeliweka kaskazini-magharibi mwa kisiwa, kwenye mji mkongwe wa Manda uliokuwapo tangu karne ya 9, ambao masimulizi ya Pate yanadai ulitwaliwa kwa hila.

Takwa ina habari nyingine. Mwishoni mwa karne ya 17 watu wake waliuacha mji, na Washela, watu wa Shela ng'ambo kisiwani Lamu, wanasimulia kuwa wazee wao ndio waliovuka mlango wa bahari kutoka huko. Basi neno lipo, tena limo kamusini: hame, wingi mahame. Mzizi wake ni kuhama. Aliyehama yuko hai mahali fulani, na anaweza kurudi kutazama kwao. Naomba tuandike mahame ya Takwa.

Na wanarudi kweli. Wazao huvuka kuja kuomba dua kwenye kaburi lenye nguzo, kwa hiyo wao wanazuru. Zuru ni ndugu wa ziara, na kaburi huzuriwa. Mgeni mwenye kamera anatembelea. Tofauti hiyo tuitunze. "Kivutio" tuwaachie wanaouza tikiti.

Hiyo nguzo nayo ina mtego wake. Wapo wanaoiita mnara, neno ambalo Kiarabuni lilizaliwa na nuru, ilhali hii haikuwashwa taa wala haikuadhiniwa juu yake. Nguzo ni sahihi zaidi, japo haikubeba paa lolote. Imebeba heshima, kama nguzo za dini zinavyobeba bila boriti.

Sasa tutoke kaburini twende kwenye nyumba za kale za mji wa Lamu, tuingie ndani. Naam, "ndani": kwa Waamu hicho ni chumba chenye jina hilo, cha faragha kupita vyote vya mbele. Kutoka kiwandani, yaani uani, unapanda msana wa tini, kisha msana wa yuu, ndipo ufike ndani. Sakafu inapanda kidogo kila hatua, na mwanga unapungua. Wachoraji ramani za nyumba wa leo wangeandika "sebule ya kwanza, sebule ya pili", wakapoteza ngazi yote ya staha iliyomo katika tini na yuu, yaani chini na juu. Usam Ghaidan alipouandikia mji wa Lamu kitabu mwaka 1975 aliyaacha majina haya kama yalivyo. Alifanya vyema.

Mlangoni pana daka, kibaraza kilichozama ukutani ambamo mgeni hungoja. Ukutani mwa ndani mna zidaka, safu za vishimo vya kuwekea vyombo vya kaure. Bara wangesema vidaka. Ni daka lilelile limefanywa dogo: moja humpokea mtu, jingine hupokea sahani. Anayeandika "shelfu za ukutani" arudishiwe makala yake.

Mwisho wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Nairobi na Dar es Salaam siku hizi majengo ya hospitali na maofisi yanaunganishwa kwa vivuko vya vioo ghorofani, na waandishi wanahangaika na "daraja la juu la ndani". Andikeni wikio la kioo, muone kama mhariri atalikata.