Habari za bure: ni nani amekuwa akizilipia?

Mjini Goma, Bukavu ao Bunia, jambo hili hutokea mara nyingi. Mtu anatumiwa habari kwenye WhatsApp na ndugu yake aliye Ulaya. Anaifungua, anasoma mistari mitatu ya kwanza, kisha ukurasa unajifunga na kumwomba alipe euro kadhaa kwa mwezi ili aendelee. Mega alizonunua kwa shida zimeliwa, na habari yenyewe hakuipata. Wengi hukasirika na kusema: hawa Wazungu wanauza hata habari!

Hasira hiyo inaeleweka. Lakini historia ya magazeti inaonyesha kwamba habari haijawahi kuwa bure. Kila wakati kulikuwa na mtu aliyelipa. Kilichobadilika mara kwa mara ni mtu huyo ni nani, na alipata nini kwa pesa yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mjini New York huko Marekani, gazeti moja liliuzwa senti 6. Bei hiyo ilikuwa kubwa kwa kibarua. Wanunuzi walikuwa hasa wafanyabiashara waliolipa abonema ya mwaka mzima, na magazeti mengi yalikuwa mikononi mwa vyama vya siasa. Tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka 1833, kijana mmoja mwenye mtambo wa kuchapa, Benjamin Day, alianzisha gazeti liitwalo The Sun na kuliuza senti 1 tu. Watoto walilitembeza barabarani wakipaza sauti. Pesa ya senti hizo haikutosha, lakini Day alijua la kufanya: wasomaji wakiwa wengi, wenye maduka watalipa ili matangazo yao yaonekane.

Miaka mitatu baadaye, mjini Paris, Émile de Girardin alifanya vilevile. Gazeti lake La Presse, lililotoka mwaka 1836, liliuzwa franka 40 kwa mwaka, nusu ya bei ya magazeti mengine ya wakati huo. Nusu iliyobaki ilipaswa kulipwa na matangazo ya biashara.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpango uliodumu zaidi ya miaka 150. Msomaji alitoa kidogo, mfanyabiashara akatoa kingi. Ulikuwa na faida: mtu wa kawaida alipata gazeti mkononi, na wahariri wengi waliweza kujitenga na vyama vya siasa. Ulikuwa pia na hatari. Anayeishi kwa kuhesabu wasomaji hushawishika kuwapa kitu cha kuwashangaza kuliko kitu cha kweli. Mwaka 1835, gazeti hilohilo la The Sun liliandika kwa siku kadhaa kwamba mtaalamu wa nyota ameona viumbe wenye mabawa mwezini. Ulikuwa uongo mtupu, lakini watu waligombania nakala.

Mpango huo ulianza kubomoka intaneti ilipofika. Katika miaka ya 1990 magazeti mengi ya Marekani na Ulaya yaliweka habari zao kwenye intaneti bila malipo. Wenye magazeti waliamini kwamba wasomaji wakihamia huko, matangazo yatawafuata. Matangazo yalihama kweli, lakini hayakwenda kwa magazeti. Mjini San Francisco, Craig Newmark alianzisha mwaka 1995 orodha iliyokuja kuitwa Craigslist. Mtu aliyetaka kuuza gari ao kupangisha nyumba aliandika tangazo lake hapo, mara nyingi bila kulipa chochote, wakati matangazo madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakilisha vyumba vya habari. Kisha Google na Facebook zikajua, kuliko gazeti lolote, nani anatafuta viatu na nani anatafuta kazi. Wafanyabiashara wakazifuata.

Hesabu zinaonyesha ukubwa wa anguko hilo. Mwaka 2005 magazeti ya Marekani yalipata dola karibu bilioni 49 kutokana na matangazo. Mwaka 2018 yalikuwa yamebaki na chini ya bilioni 15. Maelfu ya wandishi walipoteza kazi, na miji mingi midogo ikabaki bila gazeti hata moja. Hata The New York Times, gazeti linalojulikana dunia nzima, lililazimika mwezi wa kwanza mwaka 2009 kukopa dola milioni 250 kwa tajiri wa Mexico, Carlos Slim.

Ndipo wenye magazeti walipomgeukia msomaji. The Wall Street Journal, gazeti la mambo ya biashara, lilikuwa limeanza kutoza wasomaji wa intaneti tangu miaka ya 1990. Lakini wasomaji wake walikuwa watu wa benki na makampuni, ambao habari ya asubuhi huwaingizia pesa jioni. Swali lilikuwa: je, mtu wa kawaida atalipa?

Majibu ya kwanza hayakutia moyo. The New York Times lilijaribu mwaka 2005 kutoza kwa kusoma waandishi wake wa maoni, likaacha mwaka 2007. Karibu na mji huohuo, gazeti Newsday lilifunga ukurasa wake mwishoni mwa mwaka 2009 na kuomba dola 5 kwa wiki. Miezi mitatu baadaye, watu waliokubali kulipa walikuwa 35 tu, ingawa waliokuwa wakinunua gazeti la karatasi waliruhusiwa kuingia bila kulipa tena. Huko Uingereza, gazeti jingine lenye jina la The Sun lilianza kutoza mwaka 2013, likafungua milango tena mwaka 2015.

Tarehe 28 mwezi wa tatu mwaka 2011, The New York Times lilirudi na njia nyingine. Kila msomaji aliruhusiwa kusoma habari 20 kwa mwezi bila malipo, na aliyetaka zaidi ndiye aliyelipa. Mpita njia hakufukuzwa, bali anayekuja kila siku aliombwa kuchangia. Njia hiyo ilishika. Mwaka uliofuata, pesa za wasomaji zilizidi zile za matangazo katika gazeti hilo, na leo lina wanaolipa zaidi ya milioni 10. Mwaka 2020 magazeti ya Marekani kwa jumla yalipata, kwa mara ya kwanza, pesa nyingi kutoka kwa wasomaji kuliko kwa matangazo.

Ufaransa ilitoa mfano mwingine. Mwaka 2008 Edwy Plenel, aliyewahi kuongoza chumba cha habari cha Le Monde, alianzisha na wenzake Mediapart, gazeti la intaneti lisilokubali tangazo hata moja. Msomaji alilipa euro 9 kwa mwezi. Wengi walisema litakufa haraka. Halikufa. Mwaka 2012 lilifichua kwamba waziri wa bajeti, Jérôme Cahuzac, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi. Waziri alikana mbele ya bunge, kisha akajiuzulu, na mwezi wa nne mwaka 2013 akakiri. Gazeti linaloishi kwa matangazo ya serikali ao ya makampuni makubwa lingeogopa zaidi kuandika habari ya namna hiyo. Mediapart iliweza kwa sababu bwana wake alikuwa msomaji.

Hata hivyo, mlango unaofungwa unaacha mtu nje. Mwaka 2021 Nation Media Group ya Kenya pia ilianza kutoza wasomaji wa intaneti, na kwa mwenye mshahara mdogo hata shilingi chache ni chakula cha watoto. Wenye magazeti wenyewe wanaijua hatari hiyo. Corona ilipoenea mwanzoni mwa mwaka 2020, magazeti mengi makubwa yalifungua habari za ugonjwa huo kwa kila mtu, kwa sababu habari inayookoa maisha haifai kufungiwa kwa kufuli.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, habari ni redio, na redio haimwombi msikilizaji chochote zaidi ya betri. Lakini hapa pia kuna anayelipa. Redio Okapi ilianzishwa tarehe 25 mwezi wa pili mwaka 2002 na kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, na imeishi kwa pesa za kutoka nje. Vipindi vya Kiswahili vya BBC vinalipiwa kwa sehemu kubwa na ada inayotozwa nyumba zinazotazama televisheni Uingereza. RFI inaishi kwa pesa za taifa la Ufaransa.

Anayelipa anaweza pia kuacha kulipa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vyombo vya habari vya nchi nyingi maskini vikajikuta bila pesa. Mwezi wa tatu mwaka huo, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walirudishwa nyumbani, na wasikilizaji wa Kiswahili wakafungua redio saa ileile bila kusikia sauti waliyoizoea. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu si wao waliokuwa wakilipa.

Na pale ambapo hakuna mfadhili, hapa Kongo kuna coupage: ile pesa ndogo ambayo mwenye mkutano humtia mwandishi mkononi mambo yakiisha. Mwandishi asiye na mshahara huipokea ili watoto wale. Jioni, hotuba ya mwenye pesa inasomwa yote, na malalamiko ya mama wa kambini yanapata nusu dakika, ao hayasomwi kabisa. Msikilizaji hakutoa hata franka moja, lakini amelipa kwa njia nyingine.

Familia iliyokimbia Masisi ao Rutshuru inajua uzito wa jambo hili. Siku moja uvumi unapita kambini kwamba kijiji kimetulia, watu warudi kulima. Uvumi huo ni wa bure kabisa. Ili kujua kama ni kweli, lazima mtu apande pikipiki, afike huko, aulize watu kadhaa, aone barabara kwa macho yake, arudi salama na aseme bila kumwogopa yeyote. Petroli ya pikipiki hiyo ina bei. Ikilipwa na jeshi, ao na chama, ao na mwenye hotuba, wanaofunga mizigo yao asubuhi wana haki ya kujua hivyo kabla ya kushika njia.