Kutoka Kaniki hadi Buibui: Somo kwa Familia Zetu



Hapa Base Camp, Nakivale, waliotoka Kongo, Burundi au Somalia huvaa walichojaaliwa, mara nyingi mitumba. Baadhi ya vijana wetu huona haya, na wengine huwacheka wenzao. Tutazame historia ya Zanzibar.

Katika karne ya 19 watu wengi walipelekwa huko utumwani kutoka bara, wakiwemo wa Manyema, katika Kongo ya leo. Walivaa merikani, kitambaa kilichopewa jina la Marekani kilikotoka, au kaniki nyeusi. Kwa kawaida mtumwa alitembea kichwa wazi na miguu mitupu. Nguo ilimtambulisha kabla hajasema neno.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kukomesha utumwa. Walioachwa huru walipoanza kupata ujira wao, wanawake waliacha kaniki wakanunua kanga za rangi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wakavaa buibui, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Njiani ikawa vigumu kujua nani alikuwa bibi na nani mjakazi.

Basi wazazi, tuwafundishe watoto kwamba nguo ya dhiki si kipimo cha mtu. Na kijana akipata kazi Mbarara akabadili vazi, maadamu amejisitiri, tusimwite msaliti wa kwao.

Wabillahi tawfiq.