Baba Yetu (wimbo)

Baba Yetu ni wimbo wa Kiswahili uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta Civilization IV (2005). Maneno yake ni Sala ya Bwana. Husikika mwanzoni, kabla mchezaji hajaanza kujenga himaya yake. Ulirudiwa na Soweto Gospel Choir katika albamu Calling All Dawns (2009), na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kushinda Grammy.

Ingawa wimbo wa Kiswahili ulikuwemo tangu 2005, pwani ya Lindi, Tanzania, ilichelewa kuingia katika michezo ya Civilization. Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa Waislamu wenye Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, iliongezwa mwaka 2018 katika Civilization VI miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Hujengwa kandokando ya bahari tu, jambo ambalo watengenezaji wa mchezo walilipatia.