Homa ya ini ya kinga kujishambulia isiyoonyesha kingamwili

Homa ya ini ya kinga kujishambulia hutokea pale kinga ya mwili inapoligeukia ini na kuziharibu seli zake. Kwa kawaida damu ya mgonjwa hukutwa na kingamwili za ANA, SMA au anti-LKM1. Wapo wagonjwa, hata hivyo, ambao vipimo hivi vyote hutoka hasi. Kuwaondoa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu kwa sababu hiyo pekee ni kosa zito, kwa kuwa ini lisilotibiwa huweza kuishia kwenye sirosisi.

Ugonjwa ukianza kwa kishindo, kingamwili huweza kuchelewa kuonekana, hivyo inafaa damu ipimwe tena baadaye. Kingamwili nyingine, anti-SLA, haionekani kwa hadubini kwenye tishu za panya zinazotumika katika upimaji wa kawaida. Hutafutwa kwa mbinu kama ELISA.

Vigezo vya utambuzi vilivyorahisishwa vya mwaka 2008 hutoa hadi alama 2 kwa kila kimoja kati ya vitu vinne: kingamwili, kiwango cha IgG, sura ya tishu ya ini, na kutokuwepo kwa virusi vya homa ya ini. Alama 6 humaanisha ugonjwa unaelekea kuwepo; 7 au 8, upo. Asiye na kingamwili hawezi kuvuka 6, hata mengine yote yakitimia. Vigezo vya mwaka 1999 humtendea haki zaidi, maana huhesabu pia jinsi alivyoitikia dawa.

Kwa mgonjwa huyu, kipande cha ini kinachotolewa kwa sindano ndicho chenye uzito mkubwa. Kinachotafutwa ni seli za limfu na za plazma zinazokula ukingo wa seli za ini kuzunguka mishipa na mirija ya nyongo. Sura hiyo haitoshi peke yake: dawa, ikiwemo isoniazidi ya kifua kikuu, huweza kuiiga. Miraa nayo imehusishwa na homa ya ini ya namna hii, wakati mwingine kingamwili zikiwepo. Ugonjwa wa Wilson na virusi vya B na C pia huchunguzwa. Virusi vya B havipaswi kusahaulika kabla ya kuanza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga inayotumika kutibu ugonjwa huu, kwa sababu huweza kuviamsha.

Vimeng'enya vya ini vikishuka kwa prednisoloni, kisha vikapanda dawa ikipunguzwa, utambuzi hupata nguvu.