Mapigano ya video: Kwa nini baadhi ya viwanja hupigwa marufuku mashindanoni

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Katika michezo ya video ya mapigano, methali hii ina uzito wa pekee, kwani mahali pigano linapofanyika paweza kuamua mshindi kabla ya pigo la kwanza kurushwa.

Athari hiyo hutofautiana. Katika Street Fighter, mandhari aghalabu ni pambo tu nyuma ya wapiganaji. Katika Tekken, kuta zilizoletwa na toleo la nne mnamo 2001 zilimpa mshambulizi mahali pa kumbana mpinzani. Hata hivyo, mjadala mkali zaidi umehusu Super Smash Bros. Melee, mchezo wa kampuni ya Nintendo uliotolewa nchini Japani mwaka huo huo wa 2001.

Katika Melee, mpiganaji hapotezi uhai kwa kuishiwa nguvu. Huupoteza anaporushwa nje ya mipaka ya uwanja, juu, chini au kando. Kwa hivyo, ukubwa wa uwanja, kimo cha mipaka yake na idadi ya majukwaa yanayoelea ni sehemu ya pigano lenyewe.

Mchezo huo una viwanja 29, lakini mashindano makuu hukubali sita pekee: Battlefield, Final Destination, Yoshi's Story, Fountain of Dreams, Dream Land na Pokémon Stadium.

Vingine hukataliwa kwa sababu mahususi. Temple ni mpana na una njia ya mzunguko. Mwenye kasi akishatangulia kwa alama, aweza kukimbia hadi saa iishe. Katika Mute City, magari ya mbio huwagonga wapiganaji, ilhali Brinstar hufurika majimaji yanayounguza. Viwili hivi vilikubaliwa katika baadhi ya mashindano ya miaka ya 2000, kabla ya orodha kuzidi kufupishwa.

Hata hivyo, uwanja halali si lazima uwe sawa kwa wote. Final Destination ni tambarare usio na majukwaa. Hapo Marth aweza kumkamata Fox na kumrusha mara kwa mara bila Fox kupata pa kutorokea. Dream Land nao una mipaka ya mbali, hivyo Jigglypuff, aliye mwepesi na arushwaye kwa urahisi, hudumu zaidi.

Ndiposa wachezaji wakabuni utaratibu wa kuchuja. Kwa pambano la kwanza, viwanja vitano huwekwa mezani. Mchezaji mmoja huondoa kimoja, mwenzake huondoa viwili, kisha wa kwanza huondoa kimoja tena. Kinachosalia ndicho huchezewa, na hakuna awezaye kudai kuwa alilazimishiwa uwanja anaouchukia zaidi.

Baadaye, aliyeshindwa ndiye huchagua uwanja unaofuata, na cha sita huongezwa kwenye orodha. Katika mechi fupi, mshindi hupewa nafasi ya kukataa kimoja kwanza. Aghalabu pia mchezaji hakubaliwi kuchagua tena uwanja ambao tayari ameshindia, asije akajipatia ngome ya kudumu.

Kanuni hizi hazikutungwa na Nintendo, bali na wachezaji na waandalizi wenyewe, baada ya kuona mapambano yakiamuliwa na ajali au ukimbizi. Kampuni hiyo ilikuja kuwasogelea mnamo 2018, ilipotoa Super Smash Bros. Ultimate, ambao humruhusu mchezaji kuzima hatari za viwanjani.

Wapo wanaolalamika kuwa kutupa viwanja 23 kati ya 29 kunaupunguzia mchezo ladha. Hoja yao ina mashiko sebuleni, ambako marafiki hucheza kwa kicheko. Lakini aliyefanya mazoezi kwa miaka na kulipa ada ya kushiriki ana haki ya kushindwa na mpinzani wake, si na gari linalopita.