Mbiu ya dharura: jina la kifaa cha anayekwenda peke yake

Kariakoo mnunuzi hupewa alichokitaja. Akisema anataka "GPS", muuzaji atamwekea mezani kiboksi cheusi kidogo cha kufungwa kwenye bodaboda au gari, chenye nafasi ya laini ya simu. Akieleza kwa maneno marefu kwamba anataka kitu cha kuonyesha alipo endapo atapotelea porini, jibu litakuwa lilelile: "Ipo bosi wangu, unaweka laini na vocha tu." Muuzaji hajadanganya. Kiboksi hicho kweli huonyesha mahali, na wenye pikipiki wengi wameokoa mali zao kwacho. Ila kama mteja huyo ni mrina asali anayeingia kwenye miombo ya Katavi, mtafiti wa mimea anayepanda Udzungwa, au mvuvi wa ngalawa kati ya Kilwa na Mafia, basi ameondoka na kifaa kitakachonyamaza pale hasa atakapokihitaji. Kinategemea minara ya simu, na aendako minara hakuna.

Kifaa kinachomfaa ni kingine. Kinaenea kiganjani, kina antena ya kukunjua na kitufe kimoja kilichofunikwa ili kisibonyezwe kwa bahati mbaya. Kitufe kikibonyezwa, kifaa hutuma ujumbe mfupi mno wa redio katika masafa ya megahezi 406, kwa nguvu ya wati 5, na kuurudia kila baada ya sekunde 50 hivi. Ujumbe huo hupanda moja kwa moja hadi kwenye setilaiti. Hauhitaji laini, hauhitaji vocha, wala hakuna malipo ya mwezi. Setilaiti huushusha kwenye kituo cha ardhini, na kutoka hapo hupelekwa kwa wenye dhamana ya uokoaji katika eneo ulikotoka. Kwa upande wa bahari yetu, wenye dhamana ni kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji majini cha Dar es Salaam, MRCC, kilicho chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.

Mfumo huo wa setilaiti unaitwa Cospas-Sarsat, na historia yake inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana. Mwaka 1979, Vita Baridi ikiwa bado inaendelea, Marekani, Umoja wa Kisovieti, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kushirikiana kuwasikiliza waliopatwa na maafa majini, angani na nchi kavu. Setilaiti ya kwanza ya mfumo, Kosmos 1383, ilirushwa na Wasovieti mwezi Juni 1982. Septemba mwaka huohuo ilinasa mawimbi ya ndege ndogo iliyoanguka milimani British Columbia, Kanada, na watu watatu waliokuwemo wakaokolewa. Setilaiti ya dola moja iliwaokoa watu wa upande wa pili, wakati ambapo pande hizo zilikuwa zimeelekezeana makombora. Sijui kazi nyingine ya anga za juu ya zama zile ninayoiheshimu kuliko hiyo.

Vifaa vinavyosikilizwa na mfumo huo ni ndugu watatu, na kila mmoja hujulikana kwa herufi. ELT hufungwa ndani ya ndege na kujiwasha kwa kishindo cha kuanguka. EPIRB ni ya vyombo vya majini: meli ikizama, kifungo chake huachia kwa mgandamizo wa maji, nayo huibuka juu, huelea na kuanza kutuma. PLB ni ya mtu mmoja. Hubebwa mwilini na lazima iwashwe kwa mkono. Tunazungumzia huyu wa tatu, lakini jina lolote tutakalompa halina budi kuwatosha na kaka zake.

Kwa nini hilo ni muhimu, tazama bandarini. Kutoka Kariakoo unashuka hadi Posta ya Zamani, unavuka Barabara ya Sokoine, na mbele yako zipo boti za Unguja. Kutoka bandari hiyo ndiko ilikoondoka MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, ikazama karibu na Chumbe, miezi kumi tu baada ya MV Spice Islander I kuzama ikielekea Pemba, Septemba 2011. Abiria wa boti hizo, manahodha, wachuuzi na wavuvi wa Feri wanazungumza Kiswahili. Wana haki ya kuuliza kama chombo kina kifaa hiki, na mtu hawezi kuulizia kitu ambacho hana namna ya kukitaja. Meli kubwa za safari za kimataifa zimelazimika kubeba EPIRB tangu Agosti 1993 kwa mujibu wa SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Ngalawa haimo katika sharti hilo.

Sasa jina. Njia ya mkato ni kuswahilisha matamshi na kusema "bikoni". Sina ugomvi na kukopa; Kariakoo yenyewe imetokana na jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita vya Kwanza vya Dunia, na Posta nayo ni neno la kukopa. Shida ni kwamba bikoni tayari ina kazi. Kila aliyewahi kununua kiwanja Dar es Salaam ameoneshwa bikoni: ni jiwe la mpimaji ardhi, limechimbiwa kwenye kona ya mpaka, na sifa yake kuu ni kutosogea. Kuliazima jina hilo kwa kitu kinachobebwa mfukoni hadi kileleni ni kuwachanganya watu wawili kwa mpigo.

"Mwenge" una asili nzuri zaidi, kwa kuwa moto juu ya mlima ndiyo ishara ya zamani kuliko zote, na Mwenge wa Uhuru ulipelekwa kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, na Alexander Nyirenda. Lakini mwenge sasa ni wa taifa, una mbio zake na sherehe zake, na kifaa chetu kazi yake si mwanga. "Mnara" umeshachukuliwa na kampuni za simu. "King'ora" husikika mtaani kikaisha. "Kifuatiliaji" ndicho kibaya kuliko vyote, maana ndicho hasa kinachomrudisha mteja kwenye kiboksi cha bodaboda: kufuatilia ni kazi ya mtu anayekutazama muda wote, ilhali kifaa hiki hukaa kimya miaka mitano na kusema siku moja.

Pendekezo langu ni "mbiu ya dharura". Mbiu ilikuwa pembe ya kuwaita watu. Aliyeipiga hakuchagua nani asikie, na aliyesikia alijua kuna jambo na anatakiwa kwenda. Mfumo wa 406 hufanya hivyohivyo: ujumbe hauendi kwa rafiki wala kwa kampuni, unakwenda kwa umma kupitia mamlaka, na mamlaka inawajibika kuitika. Zaidi ya hapo, neno linazaa familia bila taabu: mbiu ya ndege, mbiu ya chombo, mbiu ya mtu. Nasema dharura badala ya dhiki kwa makusudi, kwa kuwa dhiki katika masikio ya wengi ni ukata wa kila siku, jambo ambalo halitumiwi helikopta.

Watakaopinga watasema mbiu imebaki katika "kaulimbiu" za makongamano. Ni kweli neno limechakaa upande huo, lakini kitenzi chake kingali hai. Watu bado wanapiga mbiu. Na majina hukubalika yanapokuja pamoja na kitu. Kishikwambi, yaani tableti, lilikuwa neno la wachache hadi Agosti 2022, makarani wa sensa walipolibeba mlango kwa mlango. Baada ya hapo halikuhitaji kutetewa.

Jina likishapatikana, kuchagua kunakuwa rahisi. Sharti la kwanza ni namba 406. Vifaa vya zamani vilitumia megahezi 121.5 pekee, na setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Cha mtumba cha aina hiyo usikichukue hata ukipewa bure. Katika vifaa vya sasa 121.5 imebaki kama sauti ya kuwaongoza waokoaji walio karibu. Sharti la pili ni kipokezi cha GPS ndani yake. Bila hicho setilaiti hukadiria ulipo ndani ya kilomita 5 hivi. Nacho, ndani ya mita 100. Katika msitu wa Udzungwa tofauti hiyo inaweza kuwa siku nzima ya kutafutwa. Kisha soma tarehe ya mwisho ya betri, na kumbuka kwamba mbiu ya mtu inatakiwa kutuma kwa angalau saa 24, ya chombo saa 48. Mvuvi aulize pia kama inaelea yenyewe, kwani nyingine huelea kwa mfuko wake tu. Baadhi ya zilizotengenezwa karibuni huwasha taa kukujulisha kwamba mwito wako umepokelewa, huduma iliyoanza kupitia setilaiti za Galileo mwaka 2020. Kama fedha inatosha, chukua hiyo; kujua kwamba umesikika kunamtuliza mtu asianze kutangatanga.

Wapo watakaokuuzia kitumajumbe cha setilaiti, kama inReach ya Garmin inayopita kwenye setilaiti 66 za Iridium. Ni kifaa kizuri, unaweza kuandikiana na walio nyumbani, lakini kina ada, na ada ikikatika nacho kimekatika. Kwa anayeingia porini mara chache kwa mwaka, nampendekezea mbiu.

Jambo ambalo wanunuzi hulipuuza ni usajili. Kila mbiu imebeba msimbo wa nchi, kwa Tanzania 674 au 677, pamoja na utambulisho wake wa herufi na tarakimu 15. Utambulisho huo ukiwa umeandikishwa, mwokoaji anajua papo hapo anamtafuta nani na ampigie ndugu yupi. Iliyonunuliwa Uingereza ikabaki na msimbo wa Uingereza itamlazimu mtu wa Dar es Salaam kuulizia huko kwanza. Kabla ya kuagiza, waulize TASAC kuhusu usajili na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kuhusu idhini ya kifaa cha redio. Ukishakuwa nayo, ijaribu kwa kitufe cha majaribio tu, kamwe usiiwashe kweli ili kuona kama inafanya kazi.

Ombi langu ni kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mizigo yake kutoka nje: safari ijayo ongeza mbiu chache kwenye oda yako. Zibandike karatasi yenye maneno "mbiu ya dharura", chini yake PLB 406, na usimruhusu mnunuzi aondoke dukani kabla hajakuonyesha jinsi atakavyoisajili.