Bei ya Chuma na Bei ya Ushahidi: Bastola Mbili za Karne ya 19

Bastola kuukuu inapouzwa upya, mthamini hutazama kwanza aina yake, hali ya chuma na alama za kiwandani. Lakini bastola mbili za aina ya Lefaucheux, zote za milimita 7, zatuonyesha kwamba vipimo hivyo havitoshi.

Ya kwanza ilinunuliwa Brussels kwa faranga 23 na mshairi Paul Verlaine. Tarehe 10 Julai 1873 alimpiga nayo risasi mshairi mwenzake Arthur Rimbaud, akamjeruhi kifundo cha mkono. Mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka miwili. Mwaka 2016, mjini Paris, wathamini waliikadiria euro 60,000 hivi. Mnadani ikafikia 434,500.

Ya pili iliokotwa na mkulima mnamo 1965 katika shamba la Auvers-sur-Oise, mahali ambapo mchoraji Vincent van Gogh yaaminika alijipiga risasi mwaka 1890. Ilikuwa imeliwa na kutu, haifai kitu kama silaha. Hata hivyo, mwaka 2019 iliuzwa Paris kwa euro 162,500.

Kisa cha kwanza kimo katika majalada ya mahakama. Cha pili chategemea dalili tu: mahali, kipimo cha risasi na muda wa kukaa udongoni. Basi wanunuzi walilipia ushahidi, hata uwezekano wa ushahidi. Mwanahistoria na atahadhari hapo: mnada hupandisha bei, lakini haugeuzi dhana kuwa ukweli.